Maswali kwa fundi: kompyuta yako inamsubiri nani?

Wiki hii kapu limejaa swali moja lililovaa nguo tofauti: Linux (mfumo endeshi wa kompyuta; Ubuntu na Debian ni matoleo yake) inachelewa kuwaka. Nimechagua machache. Wale mlioandika "inaslow, msaada fundi" bila kutaja mashine, diski wala sekunde, msinisimamishe sokoni kuniuliza mbona kimya.

Shikamoo fundi. Kompyuta yangu ya steshenari ina Ubuntu, inachelewa sana kuwaka asubuhi, wateja wanaondoka. Nifanyeje? Mwenye steshenari, Chikongola.

Marahaba. "Sana" si kipimo. Mteja akija kutoa kopi humwambii alete hela nyingi, unamtajia bei ya ukurasa. Na mimi nitajie.

Fungua terminali, andika `systemd-analyze`, bonyeza enta. Utapata mstari mmoja uliogawa muda mafungu. `firmware` ni mashine yenyewe inajikagua, Linux hata haijaguswa. `loader` ni GRUB, programu inayochagua na kupakia mfumo. `kernel` ni kiini kinaamka na kutambua vifaa. `userspace` ni huduma zote zinazofuata mpaka ukurasa wa kuweka nywila. Mashine za zamani zenye BIOS huonyesha mafungu mawili ya mwisho tu. Yale ya mwanzo yahesabu kwa saa yako.

Fungu lililonenepa ndilo la kushughulikia. Ukiona firmware imekula sekunde 40, usiguse hata huduma moja ya Linux. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS (kwenye mashine mpya ni UEFI), angalia kama mashine inajaribu kwanza kuwaka kwa kebo ya mtandao au kwa fleshi uliyoiacha imechomekwa tangu jana. Nimeshaona mtu amefomati mashine mara mbili kwa sababu ya fleshi.

Userspace ikiwa ndiyo nene, andika `systemd-analyze critical-chain`. Hiyo inakuonyesha nani alimngoja nani mpaka mwisho. Wengi mnakimbilia `systemd-analyze blame` kwa sababu ya jina lake, mkaona huduma ya juu kabisa mkaizima. Ile ni orodha ya nani alitumia muda gani kuanza, na huduma nyingi huanza pamoja. Anayetumia sekunde 20 pembeni huku wenzake wanaendelea hajamchelewesha mtu. `plymouth-quit-wait` ndiyo mfano wake: inakaa juu ya orodha, mnaitukana, kumbe kazi yake ni kusubiri wengine wamalize.

Jambo ninalotaka mlielewe, maana majibu yote ya leo yanarudi hapo: kompyuta ya miaka hii haina kazi ya dakika tatu ya kufanya ikiwaka. Mara nyingi inamsubiri mtu. Ni kama basi la Masasi pale stendi, injini inanguruma, kondakta ameshapiga bodi mara tano, lakini kuna jina kwenye orodha na mwenyewe hajafika.

Fundi, kabla ya msimu wa korosho kijana alikuja akatuwekea Debian pembeni ya Ubuntu tuijaribu. Tangu hapo Ubuntu ikiwaka inakaa kioo cheusi karibu nusu dakika, kisha inaandika "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/..." na kuhesabu hadi 1min 30s. Ikimaliza inaendelea kama kawaida. Minada ikianza siwezi kufanya kazi hivi. Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Tandahimba.

Katibu, Mungu akubariki. Umesema lilianza lini, baada ya nini, na umenakili maneno ya kwenye kioo. Wengine mjifunze.

Sekunde 90 ndizo systemd, msimamizi wa huduma zote za Linux, inazotoa kwa kawaida kumngoja aliyechelewa. Ukiona 1min 30s, basi jina liko kwenye orodha na mwenye jina hayupo. Orodha yenyewe ni faili `/etc/fstab`. Kijana alipoweka Debian, kisakinishi kilikuta patisheni ya swap ya Ubuntu (kipande cha diski kinachosaidia RAM), kikaifomati upya. Patisheni ikapewa namba mpya ya utambulisho, UUID. Debian inaijua namba mpya. Ubuntu hakuna aliyeiambia, kwa hiyo kila asubuhi inamwita marehemu kwa jina, inangoja dakika moja na nusu, inakata tamaa.

Andika `lsblk -f` uone UUID za sasa, kisha `cat /etc/fstab` uone zilizoandikwa. Mstari wa swap hautalingana. Tunza nakala kwanza, `sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani`, halafu `sudo nano /etc/fstab` uweke namba mpya. Mstari wenye alama ya mkwaju peke yake, huo wa `/`, usiuguse. Ukiuharibu, mashine haitawaka na utanipigia usiku.

Ile nusu dakika ya mwanzo ni deni hilohilo mahali pengine. Kabla Ubuntu haijasoma fstab, kiini huangalia kwenye swap kama kuna kikao kilicholazwa cha kuamsha, na kule nako kimeandikiwa namba ya marehemu. Angalia faili `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`. Likiwepo, badilisha namba, au kama huna desturi ya kuilaza kompyuta kwa hibernate andika `RESUME=none`. Lisipokuwepo, ukishasahihisha fstab washa swap kwa `sudo swapon -a`. Kwa vyovyote malizia na `sudo update-initramfs -u`. Amri hii ya mwisho ndiyo watu huisahau, kisha wanasema fundi kakosea.

Una bahati ilikuwa swap. Ingekuwa diski ya data iliyochomolewa, baada ya sekunde 90 ungeangukia kwenye kioo cha "emergency mode" na karani wako angedhani mashine imekufa. Diski yoyote ya nje mliyoiandika kwenye fstab, kwenye safu ya maelekezo yake ongeza `nofail,x-systemd.device-timeout=5s`. Maana yake: ikiwepo ipokelewe, isipokuwepo tuondoke.

Sasa ambayo hukuniuliza. Mashine yenye mizani na stakabadhi za wakulima si ya kijana kujaribia Debian. Kujaribu kuna fleshi: unawasha kutoka kwenye fleshi, unazunguka, unazima, diski haijaguswa. Kumbukumbu za msimu ziwe na nakala kwenye diski nyingine inayolala nyumba nyingine. Na kama ofisi yako ni kama nyingine nilizoingia huko Tandahimba na Newala, mifuko ya salfa imepangwa ukuta mmoja na kompyuta. Salfa ni dawa kwa mkorosho, kwa kompyuta ni sumu. Inakula shaba na fedha, na ndani ya kasha lile kuna vyote viwili. Hamisha kimoja. Usiniambie mnafungua madirisha.

Nikipiga Windows itawaka haraka? Kijana, Rahaleo.

Diski ileile, umeme uleule. Jaribu uone.

Kwenye blame naona NetworkManager-wait-online sekunde 42. Niifute? Mwanafunzi, Lindi mjini.

Usifute kitu. Izime: `sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service`. Kazi yake ni kusimama mlangoni mpaka mtandao upatikane, na wewe unayetumia bando la simu huwashi hotspot mpaka umeshakaa kitini. Mtandao wenyewe utaendelea kufanya kazi, hiyo si huduma ya mtandao bali ya kuungoja. Anayepaswa kuiacha ni mwenye mafaili yanayofunguliwa kutoka seva wakati wa kuwaka. Kabla ya kuizima angalia pia critical-chain kama kweli imo kwenye mnyororo. Kama haimo, umezima taa ya chumba usicholala.

Umeme ulikatika jana jioni wakati ndiyo kwanza naiwasha kompyuta ya mapokezi. Uliporudi, GRUB ikaleta menyu na kukaa sekunde 30, kitu ambacho haikuwa inafanya. Imeharibika? Msimamizi wa nyumba ya wageni, Mikindani.

Haijaharibika. Kwenye Ubuntu, GRUB huweka alama kabla ya kuachia mfumo, na mfumo ukishawaka salama alama hufutwa. Umeme ulikatika katikati, alama ikabaki, GRUB ikajua jana mambo hayakwisha vizuri. Ikakupa nusu dakika uchague kiini kingine kama unataka. Ikiwaka salama mara moja menyu huondoka. Ukiona nusu dakika ni nyingi, fungua `/etc/default/grub`, ongeza mstari `GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT=5`, kisha `sudo update-grub`. Usiweke sifuri. Siku kiini kipya kikikataa kuwaka utaililia hiyo menyu.

Lakini kilichonishika kwenye barua yako ni maneno "umeme ulikatika", yaliyopita haraka kama vile umeandika "jua lilichwa". Mmezoea. Gesi ya Mnazi Bay inatoka hapa Msimbati, tangu 2015 inapita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam, na mimi mtu wa Mtwara nakaa hapa nawaambia mnunue UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Ndivyo ilivyo, nunueni. Mfumo wa mafaili wa ext4 una daftari lake, ukikatikiwa hujisahihisha kwa sekunde chache ukiwaka tena. Daftari hilo hulinda mpangilio wa mafaili. Barua uliyokuwa hujaihifadhi halina habari nayo, na diski iliyokatwa umeme ikiwa inaandika, mara mia kwa mwaka, nayo ina siku yake. UPS hata ndogo inayokupa dakika tano za kuzima vizuri inatosha. Wewe wa mapokezi hasa, mwenye orodha ya wageni.

Kwenye kundi la WhatsApp walituma orodha ya amri 23 za "kuifanya Linux iwake kama simu". Nimeziweka zote. Sasa skrini ya kuingia haitoki kabisa. Mtwara mjini, sitaki kutajwa.

Sikutaji, lakini nakusema.

Nimeisoma orodha uliyonitumia. Nusu yake ni `systemctl mask` kwa huduma ambazo aliyeiandika hazijui kazi. Kuzima huduma kwa `disable` ni kumwambia asianze mwenyewe. Akiitwa na mwenzake anakuja. Kuifunga kwa `mask` ni kumziba mdomo, hata akiitwa haitiki. Wewe umemziba `polkit`, ambaye ndiye hutoa ruhusa kwa kila kitu kwenye eneo-kazi, na `accounts-daemon`, ambaye ukurasa wa kuingia humuuliza majina ya watumiaji. Kisha unashangaa mlango haufunguki.

Washa mashine, kwenye GRUB chagua "Advanced options", kisha "recovery mode", kisha "root". Andika `mount -o remount,rw /` ili diski ikubali kuandikwa, kisha `systemctl list-unit-files --state=masked` uone waliofungwa. Wachache utawakuta wamefungwa na Ubuntu yenyewe, kwa hiyo linganisha na orodha yako ya WhatsApp na ufungue wale tu wa kwenu, mmoja mmoja, kwa `systemctl unmask` na jina. Andika `reboot`. Usiruke hata mmoja kwa kuona uvivu.

Yumo pia `ModemManager`. Huyo kila orodha ya mtandaoni inasema azimwe, kwa sababu walioiandika wana intaneti ya waya nyumbani. Hapa kwetu nusu ya ofisi zinaishi kwa modemu ya kuchomeka. Ukimfunga, kesho unasema laini imeisha bando.

Amri yenye `sudo` mbele yake inaingia mpaka chumbani. Hukaribishi mtu chumbani kwa sababu tu mko kundi moja.

Fundi, kompyuta zetu sita za darasa kila umeme ukikatika zinarudi mwaka wa nyuma, mbili zinadai tubonyeze F1 kwanza. Kuwaka zinachelewa na kivinjari kinakataa kurasa zote. Mwalimu, Nachingwea.

Mwalimu, habari za kazi. Zima, chomoa umeme, fungua kasha, tafuta betri bapa ya duara kwenye madabodi, yenye maandishi CR2032. Ni ya volti 3, duka la saa wanayo. Badilisha zote sita siku moja. Watoto wa kidato cha tatu wanaweza kuifanya na watakumbuka kuliko kipindi kizima cha nadharia.

Betri hiyo ndiyo huendesha saa umeme usipokuwepo, na kwenye mashine za umri wa hizo zenu hutunza pia mipangilio ya BIOS. Ikifa, mashine inasahau. Inarudi mpangilio wa kiwandani, ambao mara nyingi hutanguliza kuwaka kwa mtandao, basi inakaa inatafuta seva ambayo shule haina. Ikifika kwenye Linux, inakuta diski inadai ilitumika mara ya mwisho tarehe ambayo bado haijafika, nayo inataka kukaguliwa. Kivinjari nacho kinasoma vyeti vya kurasa, kinaona vinaanza miaka ijayo, kinavikataa. Haya yote yanatoka kwenye kitu chenye bei ya soda mbili tatu.

Ukishaweka betri, ingia BIOS uweke diski iwe ya kwanza na saa iwe sahihi. Mkiwa mmefungua, pulizeni vumbi, na angalieni vishikio vya betri kama vina kutu. Nyie wa bara mna nafuu. Sisi wa pwani chumvi inaingia mpaka ndani ya kava.

Nimeongeza RAM kutoka GB 4 hadi 16, kuwaka bado dakika mbili. Nimeibiwa? Shangani.

Hujaibiwa, umenunua dawa ya ugonjwa wa jirani. Wakati wa kuwaka, kazi kubwa ni kusoma maelfu ya mafaili madogo kutoka kwenye diski. Diski ya kuzunguka inapaswa kupeleka kichwa chake mpaka mahali faili lilipo, na kila safari huchukua takriban milisekunde 10. Zidisha mwenyewe. SSD, diski isiyozunguka, haina kichwa cha kupeleka popote. RAM itakufaa ukishafungua kurasa 30 za kivinjari; kwenye kuwaka, hela ile ingeenda kwenye SSD hata ndogo ya GB 120 ungeshakunywa chai.

Diski yangu inatoa mlio tik, tik, inatulia, tik. Kuwaka ni dakika sita na kioo kinaandika I/O error. Naomba amri ya fsck ya kuiharakisha. Fundi simu, Masasi.

Hapa natoka kwenye utani. Zima hiyo mashine ukimaliza kusoma jibu hili.

Hiyo diski inakufa. Dakika sita ni kiini kinaomba kipande, diski inajaribu na kujaribu, na kiini huipa hadi sekunde 30 kwa ombi moja kabla ya kuikatia tamaa na kuiuliza upya. Fsck ni ya kukagua na kusahihisha mfumo wa mafaili, haitibu chuma. Itaifanya diski isome na kuandika kwa nguvu wakati pumzi zake zinahesabika, na inaweza kukuandikia uharibifu juu ya mafaili ambayo yangeokolewa.

Washa kwa fleshi yenye Linux, usiwashe kwa diski hiyo. Chomeka diski nyingine kubwa kuliko hiyo. Weka kifurushi `gddrescue`, kisha tumia `ddrescue` kunakili diski nzima: hiyo huchukua kwanza sehemu nzima zinazosomeka, zenye matatizo huzirudia baadaye, na ukiipa faili la kumbukumbu unaweza kuikatiza na kuiendeleza. Angalia mara tatu ipi ni chanzo na ipi ni ya kupokea. Kugeuza majina mawili hayo ni kufuta ulichotaka kuokoa, na mimi nayasema haya kwa aibu, nilishageuza. Picha za harusi ya dada yangu ziko kwenye albamu ya watu wengine mpaka leo.

Nakala ikikamilika, fsck iendeshe kwenye nakala. Ndipo, kwa udadisi wako, kwenye diski mgonjwa andika `sudo smartctl -a /dev/sda`, ukiwa umehakikisha kwa `lsblk` kwamba jina ni hilo, usome mistari ya `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Namba za mwisho zikiwa zinapanda, hiyo diski haifai hata kuuziwa adui. Kwa wengine ambao diski zenu hazigongi lakini kuna I/O error: soma `UDMA_CRC_Error_Count`. Hiyo ikipanda peke yake, kosa mara nyingi liko kwenye kebo, na kebo unaibadilisha kwa dakika mbili.

Na ninyi mafundi wenzangu mnaotoa diski kama hizi kwenye mashine ya mteja, mkaifomati na kuiuza "imetumika kidogo": tunajuana.

Nimefuata ushauri wako wa zamani wote, systemd-analyze sasa inasema sekunde 14. Lakini nikiweka nywila nakaa dakika nzima ndipo Firefox inafunguka. Si ulisema tatizo litaisha? Kilwa Masoko.

Nilisema kuwaka. Hesabu ya systemd-analyze inaishia mlangoni. Ukishaweka nywila hiyo ni habari nyingine. Fungua orodha ya programu zinazoanza zenyewe uone ulichokiruhusu, maana kila unayoisakinisha inapenda kujiandikisha pale. Halafu, tangu toleo la 22.04, Ubuntu hutoa Firefox kama snap tu, kifurushi kilichokandamizwa kinachofunguliwa kwanza, na kwenye diski ya kuzunguka ufunguaji wa kwanza baada ya kuwaka huumiza. Ya pili huwa nafuu, ijaribu uone. Na kama mashine ina GB 2 za RAM na umeiwekea GNOME, eneo-kazi zito, hiyo ni ng'ombe kuvuta lori, weka Xfce iliyo nyepesi.

Lakini nabahatisha, kwa sababu hukuniambia RAM wala diski. Nitumie majibu ya `free -h` na `lsblk -d -o NAME,ROTA,SIZE,MODEL`, maandishi, siyo picha ya kioo iliyopigwa na simu gizani.